Madonge ya Zambarau Ndani ya Kipele

Mtoto akiletwa kliniki ya ngozi na vipele vidogo laini vinavyong'aa, kila kimoja kimebonyea katikati mfano wa kitovu, daktari mzoefu hahitaji hadubini kuutambua ugonjwa. Ni moluskamu, maambukizi ya virusi wa ukoo wa ndui. Ila ukitaka kujua kwa nini vipele hivi hukaa miezi na miezi bila kuuma, na kwa nini kuvikamua ni kuvieneza, tazama slaidi.

Kipande cha ngozi hukatwa kwa wembamba, kisha hutiwa rangi za hematoksilini na eosini. Tabaka la nje la ngozi huonekana limenenepa na kuzama chini kwa vifundo vilivyobanana, vyote vikifungukia kwenye tundu moja. Fuata seli kutoka chini kwenda juu. Safu ya chini kabisa karibu ni ya kawaida. Juu yake kidogo, saitoplazimu huanza kuwa na chembechembe za waridi. Kadiri seli zinavyosukumwa kuelekea juu, chembechembe hizo huungana kuwa donge moja linalojaza seli nzima, na kiini hubanwa pembeni hadi kikabaki utepe mwembamba. Karibu na uso wa ngozi, waridi hugeuka zambarau iliyokolea. Donge moja lina upana wa mikromita 30 hivi, takriban mara nne ya chembe nyekundu ya damu, na ndani yake virusi wamesongamana. Mwaka 1841 William Henderson na Robert Paterson, madaktari wa Uskoti, walieleza madonge haya, kila mmoja kivyake, miongo kadhaa kabla mtu yeyote hajajua kwamba kuna virusi. Bado yanaitwa kwa majina yao.

Pasipo mashine ya kukata ngozi, ute mweupe wa kipele unaweza kupondwa kwenye slaidi na kutiwa Giemsa, rangi ileile ya vipimo vya malaria. Madonge yataonekana. Ute huo ndio unaosambaa mtoto anapojikuna au anapokamuliwa.

Sasa angalia chini ya vifundo, kwenye tabaka la ndani lenye mishipa ya damu. Mara nyingi hakuna kitu: askari wa mwili hawajafika. Virusi wamejifungia kwenye tabaka lisilo na mishipa, na wanatengeneza protini zinazozima ishara za kuita msaada. Ndiyo sababu ugonjwa huchukua miezi 6 hadi 12, pengine zaidi. Siku ukuta wa kifundo ukipasuka na madonge yakamwagikia ndani, limfosaiti, askari hao wa mwili, humiminika. Kipele huwa chekundu, huvimba, na mama hukimbilia duka la dawa kununua antibiotiki. Aghalabu hazihitajiki, kwa kuwa wekundu huo ni mwili ulioamka na kipele kiko njiani kupona. Mtoto mwenye homa, usaha au maumivu yanayozidi apelekwe kwa daktari.

Kwa mtu mzima mwenye vipele vingi usoni, hasa anayeishi na VVU na kinga yake imeshuka, sikubali kamwe utambuzi wa macho peke yake. Kuna fangasi, kriptokokasi, anayeweza kutoa vipele vinavyofanana mno na hivi, hata kubonyea katikati. Hapo slaidi husema mengine kabisa: tabaka la nje halina madonge ya zambarau, na tabaka la ndani limejaa chembe za fangasi, kila moja imezungukwa na nafasi tupu ya ganda lake la ute. Fangasi huyo huingia kwenye utando wa ubongo na kuua. Kwa hiyo mgonjwa wa namna hii akatwe kipande cha ngozi, na damu yake ipimwe antijeni ya kriptokokasi siku hiyohiyo bila kungoja jibu la slaidi. Kipimo cha kijiti cha antijeni hiyo hutoa majibu kwa dakika 10 hivi.