Ree mbili, saa tisa usiku: Nilivyocheza karo ya mdogo wangu kwenye poka

Hebu kaa mahali pangu kidogo. Ni saa tisa kasorobo usiku, mwezi wa Mei, mtaa wa Maweni, Malindi. Mvua ya masika inapiga bati, stima imepotea tangu jioni na simu imebaki na chaji ya asilimia 18. Umeshika ree mbili, ya kopa na ya shupaza. Huo ndio mkono bora kuliko yote kwenye poka, na kwa wastani huja mara 1 katika kila mikono 221. Jamaa wa upande wa pili humjui. Huoni uso wake, labda yuko Brazil, labda Kazakhstan. Anasukuma pesa zake zote katikati. Wewe utafanyaje?

Utasukuma pia. Mimi nilisukuma.

Karata zikafunuliwa. Jamaa alikuwa na saba mbili. Karata nne za kwanza mezani hazikumpa kitu. Ikabaki moja. Kati ya karata 44 ambazo hazijaonekana, ni mbili tu ambazo zingemwokoa, yaani nafasi 1 kati ya 22. Mimi tayari nilikuwa nimeanza kupiga hesabu ya kutoa pesa, nilipe karo asubuhi, nijifanye hakuna kilichotokea.

Ikaanguka saba ya uru.

Sikupiga kelele. Nililaza simu kifudifudi kwenye godoro na nikasikiliza mvua. Usiku ule zilikuwa zimeniondoka dola 100, karibu Sh13,000. Na hizo hazikuwa pesa za starehe. Zilikuwa karo ya muhula wa pili ya mdogo wangu aliye kidato cha nne.

Kabla hujanihukumu, na una haki ya kunihukumu, acha nikueleze mtu anafikaje hapo.

Kwanza tuondoe utata. Wengi wetu tuliosoma shule za huku tulicheza mchezo tuliouita “poka” nyuma ya darasa: mbili na tatu za kumlisha mwenzako, J ya kuruka, na ukibaki na karata ya mwisho unatangaza “niko kadi!” Huo ni mchezo mtamu, lakini si poka ninayoisema. Hii ni ile ambayo kila mchezaji anapewa karata mbili za siri, tano zinawekwa mezani za wote, na katikati ya hayo watu wanawekeana pesa wakipimana nani anasema kweli. Unaweza kushinda bila kuwa na kitu mkononi, mradi mwenzako aamini unacho. Ndiyo maana mchezo huu unawanasa watu wanaojiona werevu. Nikiwemo mimi.

Karata zenyewe hazikuletwa Pwani na intaneti. Muulize mzee yeyote wa barazani. Vasco da Gama alitia nanga Malindi mwaka 1498 na nguzo yake bado imesimama pale ufukweni watalii wakipigia picha, lakini kilichoshika zaidi kuliko nguzo ni maneno. Karata ni Kireno. Kopa, shupaza, uru, pau, hata turufu, yote ni Kireno kilichovaa kikoi. Na mfalme wa karata wazee wanamwita mzungu wa nne, kwa sababu kwenye wahedi wa sitini anahesabiwa pointi nne. Babu yangu alicheza miaka na miaka, na kitu kikubwa alichowahi kupoteza ni kahawa ya kikombe.

Mimi ni mhudumu wa baa kwenye hoteli moja ya ufukweni. Kama unaishi Malindi au Watamu unajua kalenda yetu ilivyo. Kuanzia Desemba hadi Machi Wataliano wamejaa, bakshishi zinaingia, unakula kuku hadi Jumatatu. Aprili kusi inaanza, hoteli zinapunguza watu au zinafunga kabisa, na unachokula mpaka Julai ni kile ulichoweka. Sisi tunaita pesa za kusi. Mwaka huu nilikuwa nimeweka Sh45,000: za kodi ya nyumba, za chakula, na karo ya mdogo wangu. Mama anauza viazi karai, hawezi yote peke yake.

Poka nilifundishwa na mteja, mzee wa Kitaliano aliyekuwa akikaa kaunta yangu jioni. Kisha rafiki akanipeleka Kilifi, kwenye nyumba ambayo watu hukutana kila Alhamisi. Sitakutajia ni wapi, maana kucheza kwa pesa mahali pasipo na leseni ni kujitafutia makubwa na polisi. Tulikuwa sita, saba hivi: fundi wa mashua, wanafunzi wawili, dereva wa tuktuk, na nesi mmoja ambaye mimi namwita Dada tu. Unaingia na Sh500. Ukiisha umeisha, unabaki kuwachekesha wenzako na kuosha sahani.

Mwezi wa kwanza nilinyolewa kila wiki na Dada huyo. Sikuelewa. Siku moja tukisubiri matatu pale Kibaoni nikamuuliza, Dada, unanionaje kila mara? Akacheka. “Mdogo wangu, ukipata mkono mzuri unaacha kutafuna korosho.”

Wiki iliyofuata nilianza kutafuna bila kukoma. Na nikaanza kushinda. Mia mbili leo, mia saba wiki ijayo. Hapo ndipo kichwa kilipovimba.

Na simu iko mfukoni. Kwa nini nisubiri Alhamisi?

Mtandaoni nilianza na meza za chini kabisa, zile za senti 2 na senti 5 za dola. Unaketi na dola 5, kama Sh650. Januari nikaingia shindano la dola 3 lililokuwa na watu 640. Nilicheza saa saba mfululizo, nikiwa na zamu ya asubuhi, na nikamaliza wa pili. Dola 190! Nikatoa Sh24,300, nikanunua simu mpya ya Sh17,000, nikampa mama 3,000 nikamwambia ni bakshishi. Ungeniona nikitembea barabara ya Lamu siku ile ungedhani ufuo wote ni wangu.

Usiku huo nilitazama tena video za Chris Moneymaker, na wewe ukianza mchezo huu utazitazama. Mhasibu wa Marekani, mwaka 2003 aliingilia mtandaoni kwa dola 86 na akaishia kutwaa ubingwa wa dunia wa poka na dola milioni 2.5. Jina lake kweli ni hilo, si la kutunga. Kisichosemwa sana kwenye video hizo ni kwamba waliojiandikisha walikuwa 839. Hao 838 wengine hakuna anayewatafuta kwa mahojiano.

Kushinda ndiko kulikoniharibu, na nasema hivi nikiwa nimekaa na daftari mbele yangu. Kabla ya Januari nilikuwa nacheza mchezo. Baada ya Januari nilikuwa narudi kudai changu.

Tofauti kati ya meza ya Kilifi na ile ya simu hutaiona mpaka uihesabu. Mezani, mtu anachanganya karata, mwingine anaeleza habari za arusi, chai inamwagika. Kwa saa moja mnacheza mikono 25, au 30 mkiwa na haraka. Kwenye simu, meza moja inakupa mikono kama 70 kwa saa, na mimi nilikuwa nafungua tatu kwa pamoja. Makosa ambayo Kilifi yangenichukua mwezi mzima kuyafanya, niliyafanya kwa usiku mmoja. Mwenye meza naye anakata kiasi chake kwenye karibu kila chungu, ushinde usishinde. Na ukipandwa na hasira hakuna Dada wa kukuangalia akasema, leo mdogo wangu nenda ukalale. Kuna M-Pesa tu, na M-Pesa ikiisha kuna Fuliza. Nilifuliza mara nne mwezi wa Aprili. Kulipa nyumba? La. Kurudi mezani.

Ukicheza kwenye kampuni zenye leseni hapa nchini, kuna hesabu nyingine. Tangu Sheria ya Fedha ya 2025, asilimia 5 hukatwa unapoweka pesa kwenye akaunti ya kamari na asilimia 5 nyingine unapozitoa. Weka Sh1,000 na uzitoe vile vile bila kucheza hata mkono mmoja, unabaki na Sh900 hivi. Poka inakutaka uwe bora kuliko wenzako mezani, kisha uwe bora zaidi ya hapo ili ulipe makato. Nesi anaweza. Mimi sikuweza, ila sikulijua hilo kwa sababu sikuwa naandika.

Turudi kwenye usiku wa Mei. Akaunti ilikuwa imebaki na vijisenti. Shule ilifunguliwa wiki hiyo na karo ilikuwa imelala kwenye simu yangu. Nikajiambia nitaazima saa mbili tu. Meza zangu za senti 5 zingechukua wiki nzima kunirudishia nilichokuwa nimepoteza, kwa hiyo nikapanda hadi meza ya kuingia na dola 50. Dola 50 za kwanza nilizipoteza kijinga, kwa kumtisha mtu ambaye hakuwa anatishika. Za pili unajua zilivyokwenda.

Kwa wiki kadhaa nilikuwa namsimulia kila mtu habari ya ile saba ya uru, nikitaka kuhurumiwa. Dada alinisikiliza mpaka mwisho, akaniambia kusukuma pesa zote na ree mbili kulikuwa sawa kabisa, hata yeye angefanya hivyo, na kesho ningefanya tena. Kisha akauliza, “Sasa kwenye ile meza ulikuwa unatafuta nini?” Sikuwa na jibu. Ree zangu hazikukosea popote. Ningeshinda mkono ule, ningekuwa bado naketi pale saa kumi na moja alfajiri.

Asubuhi mama alipika uji kama kawaida. “Mwanangu, karo iko?” Nilitaka kusema ipo. Nikamweleza. Mama ni mtu wa dini, na nilingoja anisomee kuhusu kamari na haramu mpaka nikome. Hakusema neno kwa muda, kisha akasema, “Basi utamwambia wewe mwenyewe.”

Nilimwambia tukiwa tumekaa kibarazani, sanduku lake limeshafungwa. Hakulia. Aliniuliza swali moja: “Kwani ulikuwa unashinda?”

Siku hiyo hiyo niliuza ile simu ya Januari. Niliinunua 17,000, ikaenda kwa 9,500. Salio nilikopa kwa mpishi wa kazini. Mdogo wangu alifika shule siku nne baada ya wenzake, na mimi nikabaki na kabambe, mulika mwizi yenye tochi. Wenzangu wakaona jina limempata mwenyewe.

Kabambe haifungui poka. Kwa hiyo nikapata muda wa kukaa na taarifa za M-Pesa na kuandika kila kitu tangu Novemba. Mtandaoni niliweka Sh41,800, nikatoa Sh24,300, yaani lile shindano pekee. Hasara 17,500. Meza ya Kilifi: Alhamisi 22, faida Sh5,900. Nikafurahi kidogo hapo, mpaka nilipokumbuka nauli ya kwenda na kurudi na chakula cha njiani, kama 600 kila safari. Jumla 13,200. Hata kule nilikokuwa nashinda, mshindi alikuwa ni matatu.

Kama unacheza, iwe poka, iwe mechi, iwe kile kindege kinachopaa kwenye skrini, chukua taarifa yako ya miezi sita na uandike safu mbili, zilizotoka na zilizoingia. Usitumie kumbukumbu. Yangu ilikuwa imehifadhi Januari tu.

Sasa ni Julai, wageni wa kwanza wameanza kuonekana na nimerudishwa kazini. Mpishi bado ananidai 1,500. Simu nyingine nitanunua, kazi inaihitaji, na sitakudanganya kwamba siiogopi. Kilifi naenda mara moja kwa mwezi, nikipata lifti ya pikipiki ya fundi, na nabeba Sh500 tu, kabambe naiacha nyumbani.

Alhamisi iliyopita nilifunua karata zangu mbili nikakuta ree ya kopa na ree ya pau. Dada alikuwa ameshaweka Sh60 mbele yangu. Nikachukua korosho, nikatafuna, nikaongeza ziwe 200. Alinitazama kwa muda mrefu, akazitupa karata zake.

“Leo unatafuna kwa bidii sana,” akasema.

Nikaokota mapato yangu ya usiku ule. Sh60 zake, na vijisilingi vya walioketi pembeni.