Kuku wa Uani na Maradhi ya Kideri

Ni nadra kuona kijijini nyumba isiyo na kuku. Mwenye ng'ombe anao, na asiye na hata mbuzi mmoja anao vilevile, maana kuku hahitaji malisho ya kukodi wala mchungaji wa mshahara. Asubuhi hufunguliwa mlango, jioni hurudi mwenyewe. Kwa sababu hiyo watu wengi hawamhesabu kuwa mali. Sisi twaona sivyo. Mgeni akifika usiku, kuku ndiye atakayechinjwa. Mtoto akidaiwa madaftari shuleni, jogoo ndiye atakayepelekwa mnadani. Mgonjwa akikosa nauli ya hospitali, matetea wawili watafungwa miguu pamoja kabla jua halijachomoza. Mtu asiyeweka fedha benki, akiba yake yalala jikoni juu ya kichanja, na kila alfajiri humwamsha kwa kuwika.

Tetea wetu wa kienyeji hutaga mayai 10 hata 15, kisha huacha akaatamia. Akiisha kuangua hulea vifaranga vyake majuma mengi, na muda huo wote hatagi. Kwa hiyo hawezi kufanya kazi hiyo zaidi ya mara 3 au 4 kwa mwaka. Watu wa mjini humcheka, wakimlinganisha na kuku wa kisasa atagaye karibu mayai 300 kwa mwaka. Walakini wasisahau kwamba yule wa kisasa hula chakula cha kununuliwa kwa gunia, na kuatamia hajui tena, maana wafugaji wamechagua vizazi kwa vizazi wasiopenda kuatamia. Wetu hujitafutia chakula, hujipandisha mtini akimwona mbwa, na vifaranga huvilea pasipo taa wala mashine. Kila mmoja ana kazi yake.

Mtu atakaye vifaranga vingi na achague mayai ya kuatamiwa; asiyaache tu kama yalivyokuja. Yachukuliwe mayai yasiyopita siku 10 tangu kutagwa, yasiyo na ufa, wala yasioshwe kwa maji, kwa kuwa ganda la yai lina ngozi nyembamba izuiayo uchafu usiingie, na kuosha huiondoa. Tetea wa kadiri hufunika vizuri mayai 10 hata 13. Ukimzidishia, yale ya pembeni hupata baridi yakawa viza. Siku ya saba usiku, shika kila yai mbele ya tochi katika giza. Lenye uhai huonyesha mishipa myembamba kama mizizi. Lililo jeupe lote halina kitu, nalo liondolewe. Siku ya 21 vifaranga hutoboa. Siku hiyo haifai kumsumbua mama, hata kama watoto wa nyumba wanalilia kuona.

Hapo ndipo furaha na majonzi huja pamoja. Tetea aliyetoka na vifaranga 11 Jumatatu, Jumapili yamkini anacho kitoto 6 tu nyuma yake. Mwewe huchukua mchana, kunguru huiba kwa werevu, nguchiro huvizia kwenye majani, na kicheche huingia bandani usiku akaua kupita shibe yake. Dawa ya kwanza ni tenga. Vifaranga na mama yao wakae chini ya tenga kubwa majuma ya kwanza, karibu na watu, wapewe maji katika kisahani kisicho na kina ili wasizame, na chenga laini za nafaka. Mchwa ni chakula bora kwao kuliko chenga peke yake, maana nafaka hutia nguvu lakini hujenga mwili kidogo. Watu wengine huwatega mchwa hivi: hujaza chungu kikuukuu majani makavu na samadi ya ng'ombe iliyoloweshwa, hukifudikiza juu ya tundu la kichuguu jioni, na siku ya pili hukikung'uta mbele ya vifaranga. Kazi hii watoto huipenda mno, wala hawahitaji kuamriwa mara mbili.

Wadudu wa mwilini nao si taabu ndogo. Utitiri hujificha mchana katika nyufa za banda na majani ya kiota, usiku hutoka kunyonya damu. Mara nyingi tetea hulaumiwa kwamba ana moyo mwepesi, ameacha mayai yake, kumbe ameshindwa kustahimili kuliwa. Kiota kibadilishwe majani kila mzao mpya, ya zamani yachomwe moto, na kuku wapewe mahali pa vumbi kavu lililochanganywa na majivu wapate kujigaragaza. Viroboto washikao pembeni mwa macho hufa wakipakwa mafuta mazito, kwa kuwa hukosa pumzi. Mafuta ya taa yasitumike, huunguza ngozi na jicho. Ndui, ambayo huonekana kama chunjua kwenye kishungi na machoni, huenezwa hasa na mbu. Kuku wakubwa wengi huokoka. Vifaranga ndio waumiao. Nayo ina chanjo yake, ya kuchoma kwa sindano katika ngozi ya bawa.

Lakini hayo yote ni madogo mbele ya kideri, ambayo mahali pengine huitwa mdondo.

Kila mwenye umri anaujua ugonjwa huu. Leo kuku mmoja amezubaa, mabawa yameshuka, hataki kula. Kesho watatu wanaharisha maji ya kijani na kupumua kwa shida, midomo wazi. Kisha wengine hupinda shingo hata kichwa kikatazama nyuma, au huzunguka mahali pamoja kama walevi. Kabla juma halijaisha, uani pamekuwa kimya. Kuku wasiochanjwa waweza kufa karibu wote, na mwenye 30 akabakiwa na wawili. Sababu yake si upepo, wala si jicho la jirani, wala si dhambi ya mtu. Ni virusi, vijidudu vidogo mno visivyoonekana kwa darubini ya kawaida. Ugonjwa ulitambuliwa mwaka wa 1926 katika Java na karibu na mji wa Newcastle, Uingereza, ndiyo maana wataalamu huuita kwa jina la mji huo.

Virusi hivi hutoka katika mavi, makamasi na mate ya kuku mgonjwa. Husafiri kwa tenga la sokoni, kwa kiatu, kwa gurudumu la baiskeli, hata kwa manyoya na matumbo yaliyotupwa jalalani baada ya kuchinja. Nasi hatuna budi kusema jambo moja ambalo wengi hawapendi kulisikia. Mtu akiona kuku wake watatu wamekufa, aghalabu huwakimbiza waliobaki mnadani siku ileile, apate japo nusu ya bei. Twamwelewa, maana ni mali yake inayoteketea. Lakini kila kuku auzwaye hivyo hupeleka ugonjwa katika kijiji kingine, na yule anunuaye kwa bei rahisi hununua msiba. Waliokufa wazikwe shimoni au wachomwe, na waliobaki wafungiwe nyumbani. Dawa ya kuponya haipo. Pilipili, majivu, mwarobaini na vidonge vya watu, ambavyo wengine huwanywesha kuku wao, havijazuia kideri. Tena kumpa kuku dawa za watu ni kupoteza fedha na kuharibu dawa.

Iliyopo ni kinga. Katika chuo kikuu cha Queensland, Australia, Profesa Peter Spradbrow na wenzake walitengeneza chanjo iitwayo I-2, iliyokusudiwa hasa kwa vijiji visivyo na majokofu, maana haiharibiki upesi kwa joto kama nyingine. Tanzania nayo huitengeneza nchini. Hata hivyo isiachwe juani. Ifungwe kitambaa kibichi, ichukuliwe kivulini. Matumizi yake ni tone moja tu katika jicho moja la kila kuku, mkubwa kwa mdogo, jogoo kwa kifaranga. Mshikaji humlaza kuku ubavu, mtiaji hungoja tone lienee jichoni, kisha kuku huachwa aende. Haichomi wala haina sindano. Kinga huchukua juma moja au mawili kupata nguvu, na hupungua baada ya miezi, kwa hiyo chanjo irudiwe kila miezi 3 au 4.

Watu huuliza, Mbona fulani alichanja na kuku wake wakafa vilevile? Mara nyingi jibu ni kwamba alichanja ugonjwa ukiisha kuingia. Chanjo huzuia, haiponyi. Kuku mwenye virusi tayari mwilini atakufa, na chanjo italaumiwa bure.

Tena kichupa kimoja kina matone ya kutosha kuku wengi kuliko walio katika nyumba moja, na kikiisha kuchanganywa hakiwekwi muda mrefu. Hapa ndipo machifu, watendaji na walimu wanapohitajiwa. Mtu mmoja peke yake hukiona ghali, na nusu yake hukitupa. Nyumba 10 zikichanga, gharama ya kila mmoja ni ndogo, na ugonjwa hukosa mahali pa kuingilia. Siku iwekwe mapema, nayo iwe alfajiri kabla kuku hawajafunguliwa, kwa sababu kukimbizana nao mchana ni mchezo wa watoto. Wakiitwa watu kufundishwa, waitwe kina mama kwanza. Zamani katika Buganda wanawake walikatazwa kula kuku na mayai, na desturi kama hiyo ilikuwako mahali pengi. Lakini anayewafungulia, anayewafagilia na anayejua ni tetea gani hajarudi jioni ni mama wa nyumba. Kumfundisha mume pekee katika mkutano ni kumwagia maji mti mwingine.

Kuku aliyenunuliwa au kuletwa zawadi asichanganywe mara moja na wenyeji. Wahenga wetu walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Wao waliogopa asitoroke. Sisi twaongeza kwamba kamba hiyo ifungwe mbali na banda, siku 14, pamoja na chombo chake cha maji. Akiwa na ugonjwa, utaonekana katika siku hizo.

Mahali pengi kideri huja na mwisho wa kiangazi, kabla ya mvua, ingawa chaweza kuja wakati wowote. Katika Tanzania wafugaji wengi hushauriwa kuchanja Januari, Mei na Septemba. Atakayeanza na aandike miezi hiyo kwa mkaa nyuma ya mlango wa jikoni, na vifaranga vitakavyoanguliwa katikati vingoje zamu ijayo, navyo visiuzwe sokoni kabla ya kupata tone lao.