Chandarua na Uhai wa Mtoto Mchanga

Kwa wasafiri, Busia na Malaba ni milango ya kuvukia kwenda Uganda. Kwa mbu, nchi hii ni makao yao. Mvua ni nyingi, mito na mabwawa hayakosekani, na malaria haina msimu wa kupumzika.

Homa hii humdhuru kila mtu, lakini humdhuru zaidi mwanamke mwenye mimba. Vijidudu vyake hujificha katika kondo la nyuma, ambalo kwalo mtoto hupata chakula, hata pengine mama asijisikie mgonjwa. Damu yake hupungua, na mtoto hakui ipasavyo. Huweza kuzaliwa kabla ya majuma 37 kutimia, au akiwa na uzito usiofika kilo mbili na nusu. Mtoto wa namna hiyo hushindwa upesi na baridi na maradhi.

Kwa sababu hiyo chama cha hisani kiitwacho TAMTAM, kilichoanzishwa na wataalamu wawili, Jessica Cohen na Pascaline Dupas, kiliazimia kuwapatia wajawazito vyandarua vyenye dawa. Lakini wakati huo watu wengi wenye elimu walishikilia kwamba kitu cha bure hakithaminiwi; yafaa mama alipe kidogo, ndipo atakapokitumia.

Basi mwaka 2007 maneno hayo yalipimwa katika zahanati 16 za uliokuwa Mkoa wa Magharibi, wilaya ya Busia ikiwamo. Katika zahanati nyingine chandarua kilitolewa bure, na katika nyingine kiliuzwa kwa shilingi 10, 20 au 40. Matokeo yalitangazwa mwaka 2010. Kwa bei ya shilingi 40, katika kila wanawake 100, wapatao 60 ambao wangalichukua chandarua cha bure walikwenda zao bila kitu. Tena nyumba zilipotembelewa, haikuonekana kwamba walionunua walikitumia kuliko waliopewa.

Kumbe kilichowazuia akina mama si ujinga wala uvivu. Ni shilingi 40 tu, na mkononi hazikuwamo.

Hata hivyo, chandarua kilichokunjwa sandukuni hakimkingi mtu. Mama na alale ndani yake kila usiku. Na aende zahanati mapema, mara atambuapo kuwa ana mimba, apimwe damu. Na kuanzia mwezi wa nne ameze dawa ya kukinga malaria kama atakavyoagizwa na mwuguzi, kwa kuwa si kila mama hufaa kupewa dawa ile ile.

Wala mume asiseme kwamba haya ni mambo ya wanawake. Nauli ya kwenda zahanati mara nyingi imo mfukoni mwake, na kamba ya kutundikia chandarua yeye aweza kuifunga. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na uhai wa mtoto ukishapotea, hakuna fundi awezaye kuujenga tena.