Je, Wajua? Ndege Wahamaji, Kuanzia Kitulo Hadi Mida

Pita kwenye mashamba ya viazi ya Makete, karibu na Iwawa, mvua zinapokaribia, utawaona mbayuwayu wakiruka chini chini kuwinda wadudu. Baadhi yao wamezaliwa kwenye mazizi ya Ulaya. Je, haya mengine kuhusu ndege wasafiri unayajua?

Kitulo ni mahali pa uzazi. Mbayuwayu buluu, aliye hatarini duniani, huja kuzaa wakati wa mvua kwenye nyasi za Kitulo, hifadhi ya taifa tangu 2005. Kiota chake ni kikombe cha tope na nyasi, na mara nyingi hukibandika ndani ya shimo lililochimbwa na muhanga. Msimu ukiisha, huenda bonde la Ziwa Viktoria, Uganda na Kenya. Kwa hiyo nyasi za juu zikigeuzwa mashamba ya misonobari, hasara huwafikia hata watazamaji wa ndege wa Uganda.

Mkuki wa Afrika ulitoa ushahidi Ujerumani. Zamani Wazungu wengi waliamini kuwa ndege wanaotoweka wakati wa baridi hulala mafichoni. Mwaka 1822, karibu na mji wa Klütz, aliuawa korongo mweupe aliyekuwa na mkuki wa Kiafrika umepenya shingoni. Alikuwa amejeruhiwa huku kwetu, akaruka nao hadi kwao. Korongo huyo amehifadhiwa Chuo Kikuu cha Rostock hadi leo.

Pete ilianza na kwezi. Mwaka 1899 Hans Christian Mortensen, mwalimu wa Denmark, aliwavisha kwezi pete nyepesi zenye namba na anwani. Tangu hapo ndege mmoja aliweza kutambulika popote atakapopatikana.

Ngulia, ukungu huwashusha ndege. Katika hoteli ya Ngulia, Tsavo Magharibi, watafiti wamekuwa wakivisha ndege pete tangu 1969. Hukesha Novemba na Desemba, usiku usio na mwezi. Ukungu ukitanda, taa za hoteli huwavuta ndege waliokuwa wakipita juu gizani, na alfajiri nyavu hujaa.

Mmoja wao hubeba sauti za mabara mawili. Miongoni mwa wapitao Ngulia yumo ndege mdogo wa kahawia anayezaa Ulaya na kukimbilia kusini mashariki mwa Afrika. Dume huimba kwa kuiga ndege wengine. Utafiti wa Françoise Dowsett-Lemaire, uliochapishwa 1979, ulitambua aina 212 zinazoigwa, na zaidi ya nusu ni za Afrika. Anayemsikia akiimba Ubelgiji anasikia pia ndege wa kwetu.

Mida, kazi hufuata maji. Kwenye hori la Mida, Watamu, maji yakijaa ndege wa ufukweni hubanwa pamoja, na hapo ndipo huhesabika kwa urahisi. Wanaonaswa hutiwa kwenye mifuko ya kitambaa mmoja mmoja, huvishwa pete, hupimwa bawa na uzito. Mpimaji hupuliza manyoya ya tumbo ili aone mafuta ya manjano chini ya ngozi. Mafuta hayo ndiyo akiba ya safari, na ndege wengine wadogo huweza karibu kuongeza uzito wao maradufu kabla ya kuondoka. Kisha huachiwa mara moja.

Mla kaa wa Mida huzaliwa shimoni. Ndege mweusi na mweupe mwenye mdomo mnene, anayekula kaa kwenye matope ya Mida, hutoka Uarabuni na Ghuba. Huko huchimba shimo mchangani na kutaga yai moja tu, na joto la mchanga humsaidia kuliatamia.

Kozi naye husafiri na kaskazi. Kozi wa Amur, mwenye uzito wa gramu 150 hivi, hutoka kaskazini mwa China na Siberia, hupumzika India, kisha huvuka bahari kilomita zipatazo 3,000 hadi Afrika. Humsukuma upepo uleule ulioleta majahazi pwani yetu. Kereng'ende nao huvuka majira hayo, na huenda ndio chakula chake njiani.

Nawe unaweza kusaidia. Ukimkuta ndege aliyekufa akiwa na pete, andika namba, anwani, tarehe na mahali, kisha peleka taarifa ofisi ya hifadhi iliyo karibu. Siku ya Ndege Wahamaji Duniani huadhimishwa Jumamosi ya pili ya Mei na ya Oktoba, wakati ambao wageni hawa wanaondoka au wanawasili.