Madirisha na Milango ya Nyumba za Kambi

Katika nyanda za juu za Uganda, Rwanda na Burundi, panapolimwa chai, usiku ni baridi. Kabale, mji ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, joto hushuka hadi kama nyuzi 10. Wenzetu wengine huingiza jiko la makaa chumbani na kufunga kila mahali. Ndugu, hiyo ni hatari! Makaa hutoa gesi ya sumu isiyo na rangi wala harufu, nayo huua watu usingizini.

Njia bora ni kuzuia joto la nyumba lisipotee. Madirisha yanapobadilishwa, tuzingatie haya:

1. Dirisha la luva hupitisha upepo hata likifungwa. Lifaalo ni la bawaba, la mbao zilizokauka. Vioo viwili vyenye nafasi ya hewa katikati hupunguza upotevu wa joto kwa karibu nusu ya ule wa kioo kimoja. Visipopatikana, kifuniko cha mbao kwa ndani husaidia.

2. Pima nafasi ya dirisha mahali patatu. Fuata kipimo kidogo.

3. Fremu isimamishwe kwa timazi na pimamaji, kisha mianya kati yake na ukuta izibwe.

4. Mlango wa nje uwe wa mbao nzito, wenye kizingiti chini.

Matundu madogo ya hewa juu ya ukuta yasizibwe, na jiko libaki nje.

Nyumba ikiwa ya mwajiri, tusinyamaze. Mkataba Na. 110 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1958, unataja viwango vya nyumba za wafanyakazi wa mashamba makubwa, pamoja na upitaji wa hewa. Hata nchi isipokuwa imeuridhia, ni msingi mzuri wa madai. Kamati ya tawi ikague kila nyumba, iandike kasoro, na kuzifikisha kwenye majadiliano.