Kuazima Vitabu kwa Simu, Kuruwitu

Msomaji wa Kuruwitu, pwani ya Kaunti ya Kilifi, anayemaliza riwaya mbili kwa wiki hawezi kuzinunua zote. Maduka makubwa ya vitabu yako Mombasa, na mwaka 2013 Kenya ilianza kuvitoza vitabu VAT ya asilimia 16. Maktaba ya umma iko mjini Kilifi, ila ukienda kuazima kuna nauli ya matatu, ukienda kurudisha kuna nauli nyingine. Simu anayo mkononi tayari, kwa hiyo ni haki yake kuuliza inaweza kumwazimia nini.

Programu inayosifiwa zaidi ni Libby. Kuipakua ni bure, lakini huwezi kuazima bila kadi ya maktaba, na maktaba nyingi za Marekani na Uingereza huwapa kadi wakazi wao tu. Shangazi anayeishi Minneapolis akija Kuruwitu likizo ataendelea kuazima kwa kadi yake. Mpwa wake aliyeketi naye ukumbini hana njia hiyo. Na shangazi mwenyewe hupanga foleni kwa vitabu vinavyopendwa, maana mara nyingi maktaba hulipia leseni ya kumwazimisha msomaji mmoja kwa wakati mmoja. Mwaka 2011 kampuni ya uchapishaji ya HarperCollins iliamua kwamba leseni ya kitabu chake cha kielektroniki itakwisha baada ya kuazimwa mara 26, kisha maktaba ilipe upya. Kitabu cha karatasi hakina masharti hayo: huazimwa mpaka kichakae, kikashonwa, kikaazimwa tena.

Open Library, iliyo chini ya Internet Archive, haimuulizi mtu anakaa wapi. Anwani ya barua pepe inatosha. Vitabu vingi huazimwa kwa saa moja inayoweza kurudiwa, vingine kwa siku 14. Rafu zake zimepungua: wachapishaji wakubwa waliishtaki, wakashinda New York Machi 2023 na tena kwenye rufaa Septemba 2024, na vitabu zaidi ya 500,000 vikaondolewa kwenye uazimishaji. Hata hivyo vilivyobaki ni vingi, hasa vya zamani, na kwa mtu asiye na kadi sioni mahali pengine pa kuanzia.

Gharama halisi hapa ni bando. Kitabu kilichopigwa picha ukurasa kwa ukurasa hula data kila unapofunua, na ule mkopo wa saa moja husomwa ukiwa mtandaoni. Riwaya ya maandishi matupu katika faili ya EPUB mara nyingi haifiki megabaiti mbili, na ukishaipakua unaisoma hata mtandao ukipotea. Kwa hiyo siku ya kwenda mjini, penye Wi-Fi, pakua vya wiki mbili.

Watoto wamehudumiwa vizuri kuliko wazazi wao. African Storybook, iliyoanza mwaka 2014, inatoa hadithi bure katika lugha nyingi za Afrika, Kiswahili kikiwemo, na programu ya BookSmart ya shirika la Worldreader husomwa kwenye simu bila malipo. Anayependa elimu ya bahari naye ana pa kwenda. Wavuvi wa Kuruwitu walitenga takriban hekta 30 za bahari zisivuliwe, watafiti wakaja kuzichunguza. Utafiti mwingi wa bahari duniani umefungiwa nyuma ya malipo. Lakini jarida la WIOMSA, jumuiya ya wanasayansi wa bahari yenye makao Zanzibar, husomwa bure na yeyote.

Anayebaki na njaa ni mtu mzima anayetaka riwaya, tamthilia na mashairi ya Kiswahili. Kwenye simu ileile ataazima riwaya za Kiingereza mpaka achoke, ila akimtafuta Said Ahmed Mohamed au Euphrase Kezilahabi atahangaika. Jambo hili linaniuma, kwa sababu kifaa anacho na hamu anayo. Kinachokosekana ni mtu wa kuziweka kazi hizo mahali zinapoweza kuazimwa kihalali.

Kwa baadhi ya vitabu hata leseni haihitajiki. Sheria ya Kenya inalinda haki za mwandishi kwa miaka 50 baada ya mwaka aliofariki. Mwandishi Shaaban Robert alifariki mwaka 1962, kwa hiyo ulinzi wa maandishi asilia ya *Kusadikika*, kitabu kilichotoka mwaka 1951, uliisha hapa Kenya mwishoni mwa mwaka 2012. Maktaba ya kaunti inaweza kukichapa upya kama faili ndogo, ikakisahihisha na kumpa kila anayekitaka.

Waandishi ambao kazi zao bado zinalindwa nao walipwe. Uingereza ina sheria ya kumlipa mwandishi kitabu chake kinapoazimwa tangu mwaka 1979, na mwaka 2018 sheria hiyo ikahusisha pia vitabu vya kielektroniki. Serikali ya Kaunti ya Kilifi ikikaa na wachapishaji wa Nairobi ikalipia leseni ya vitabu 100 vya Kiswahili, kadi ya maktaba ya Kilifi itatosha kuvifikisha Kuruwitu, na nauli italipwa mara moja tu, siku ya kujiandikisha.