Jiwe Lililolala Mahali Pake

Mpita njia aonapo mawe yaliyotapakaa nyikani hudhani ni kokoto tu. Huko Olorgesailie, Kaunti ya Kajiado, mawe kama hayo ndiyo yaliyowashughulisha Mary na Louis Leakey miaka ya 1940: mashoka ya mkono yaliyochongwa na watu wa kale. Mengi yameachwa pale pale yalipoonekana.

Kwani thamani ya jiwe haimo katika umbo lake pekee. Mtaalamu huuliza: limelala katika tabaka gani la udongo? Je, vibanzi vilivyobanduliwa vimo kando yake? Ni jiwe la hapo, au limeletwa? Huko huko vimepatikana vipande vya jiwe jeusi la volkano, vyenye umri wa miaka ipatayo 300,000, vilivyotoka umbali wa kilomita 25 na zaidi. Ndipo ikajulikana kwamba watu wale walisafiri mbali au walibadilishana mali na majirani.

Jiwe likiokotwa likawa pambo la sebuleni, uzuri wake hubaki lakini ushahidi wake hupotea. Sheria ya urithi ya 2006 humtaka aliyegundua kitu cha kale aiarifu Makumbusho ya Taifa. Basi tuwafunze wana wetu: watazame, wasiguse, waseme kilipo. Hiyo nayo ni amana.